Nilimwashia Taa Adui Yangu

Kama wiki iliyopita ulikuwa harusini na gazeti likafungiwa maandazi kabla hujalisoma, usijali, nitakufupishia.

Mimi ni Auma, Mjaluo wa Kisumu, karani wa kampuni ya malori hapa Kigali, na mwigizaji ninapopata nafasi. Chumba changu cha Biryogo, ambacho zamani kilikuwa stoo ya mwenye nyumba, nilikigeuza kwa mikono yangu kuwa mahali pa kujirekodi video za usaili. Siku hizi hawakuiti ofisini kwao. Wanakutumia ukurasa wa maneno, unajirekodi nyumbani, unawatumia, unabaki kuomba Mungu.

Nikajirekodi kwa ajili ya tamthilia moja ya Kiswahili, nafasi ya Zawadi, mwanamke mkuu wa hadithi. Aliyekaa pembeni ya kamera akinisomea maneno ya upande wa pili ni rafiki yangu wa kufa na kuzikana, Aurore. Bando langu lilikuwa limekata, na video hizi hazitumwi kwa WhatsApp, maana inazikamua mpaka uso wa mtu unakuwa uji. Aurore yuko mapokezi katika hoteli moja ya Kiyovu yenye intaneti ya bure. Nikamrushia video simu kwa simu ili anitumie.

Hakuituma. Alituma yake. Alijirekodi chumbani kwangu siku niliyomwachia ufunguo, mbele ya pazia langu, chini ya taa zangu, ndani ya blauzi yangu. Nikaja kuiona kwa macho yangu kwenye kompyuta ya Njoroge, Mkenya mwenzangu anayechagua waigizaji.

"Huyu ni mmoja wa wawili tuliobakisha," akaniambia. "Wewe mbona hukutuma?"

Simu yangu ilikuwa mkononi. Video yangu ilikuwa ndani ya simu. Mtu mwenye akili timamu angeitoa palepale. Mimi nikasema nilikuwa naumwa, nikatabasamu, nikaaga. Nafasi ilikuwa imenitoka moyoni. Nilichotaka ni kumwona Aurore akilia.

Hapo ndipo tulipoachiana.

Basi, hata sikuhangaika kumtafuta. Alijileta mwenyewe, na sambusa za moto mkononi.

"Sha Auma," akasema, akajitupa kitandani kwangu kama kawaida yake. "Miye iko na shida kidogo."

"Sema, dada."

Aurore ni Mnyarwanda, lakini kakulia Bujumbura, na Kiswahili chake ni cha mtaa wa Buyenzi, kitamu kama asali. Hata uongo wake ukiusikia unataka kuongezewa.

"Kuna wanafunzi wanafanya filamu fupi. Kitu kidogo tu, bure bure. Wanataka niwatumie video. Nikajiuliza, nani Kigali hii iko na chumba kama ya Auma? Na nani anasoma muzuri kama yeye?"

Akanipa karatasi. Nikaisoma polepole. Mwanamke amemwibia rafiki yake mume, sasa amekuja kumwomba msamaha. Jina la mwanamke huyo, Zawadi, alikuwa amelikata kwa kalamu na kuandika Mariya juu yake. Kila mahali alilikata, isipokuwa mstari wa mwisho. Huko uvivu ulimshika.

"Filamu ya wanafunzi," nikasema.

"Yego, ya wanafunzi." Hakupepesa hata jicho.

Damu ilinichemka mpaka masikio yakaziba. Ningeweza kumrarulia karatasi ile usoni. Badala yake nikachukua sambusa, nikaing'ata, nikatafuna mpaka sauti yangu ikarudi mahali pake.

"Kwako, Aurore, hata godoro nitatoa," nikamwambia. "Tufanye Jumamosi ya umuganda, asubuhi. Watu wote wako nje na majembe wakisafisha mtaa, maduka yamefungwa, cherehani zimenyamaza. Biryogo hainyamazi siku nyingine yoyote."

"Na siye? Hatuendi umuganda?"

"Wewe umelala kwangu na tumbo linakukata. Mimi nakuuguza."

Akacheka, akanikumbatia kwa nguvu. Shingoni kwake nikasikia harufu ya manukato yangu. Hata hayo nayo!

Sasa nataka uelewe jinsi nilivyokipenda chumba kile, ili uone nilichokifanya.

Pazia la kijivu nililitafuta Biryogo nzima, nikalipiga pasi, nikalivuta ukutani mpaka halina kunyanzi hata moja. Kiti nilikiweka mbali na ukuta ili kivuli cha mtu kidondoke sakafuni, kisimkae mgongoni kama jini. Simu inasimama kwenye stendi usawa wa macho. Taa mbili zinakaa kushoto na kulia, zimefunikwa karatasi ya kuokea mikate ili mwanga uwe laini. Na anayesoma anakaa nyuma ya simu, anasoma chini chini, bila mbwembwe, kwa sababu yeye yuko karibu na kipaza sauti na mwigizaji yuko mbali.

Haya yote Aurore hayajui. Yeye alizoea kukuta meza imeshaandaliwa.

Kwa hiyo asubuhi ile nikaandaa meza yangu. Kiti nikakisukuma hadi kikagusa pazia. Simu nikaishusha mpaka ikawa inaangalia matundu ya pua. Taa moja nikaizima, ya pili nikaiweka chini sakafuni, iangaze kidevu kutoka chini, jinsi watoto wanavyojimulika tochi kuwatisha wenzao. Kisha nikamchagulia nguo: sweta la kijivu, kijivu kile kile cha pazia.

Mama Donatille, mwenye nyumba wangu, akachungulia na jembe lake begani. Huyu ni mama wa Kirundi, mcha Mungu, mtu wa kanisa la asubuhi na la jioni.

"Mbega weye Auma, hiyo taa inaanguka ao umeipanga chini?"

"Nimeipanga, mama."

"Mutu atakaa hapo atafanana na maiti."

"Ndiyo inavyotakiwa, mama. Ni hadithi ya huzuni."

"Aya." Akanitazama kidogo. "Na weye hauji umuganda?"

"Aurore anakuja, anaumwa tumbo."

"Anakuja, ni mugonjwa." Akatikisa kichwa, akashuka zake na jembe. Mama huyu hapendi maneno mengi, na namshukuru Mungu kwa hilo.

Aurore alifika amejipamba. Nikamvika sweta, nikamkalisha, nikaegesha godoro mlangoni kuziba sauti.

"Niko sawa?" akauliza.

"Unapendeza kupita kiasi," nikasema. "Wakikuona hawatakusahau."

Tukaanza. Yeye alisema maneno yake kwa upole, mimi nikamjibu kwa sauti ya mhubiri wa kituo cha mabasi. Alipolia, nikakohoa. Alipotulia kuvuta pumzi kabla ya neno kubwa, nikamrukia na mstari wangu kabla hajafungua mdomo.

"Auma, weye si unasoma juu sana?"

"Ni wanafunzi, Aurore. Simu zao haziko vizuri, lazima wasikie."

Akaamini! Tukarudia, tukarudia tena. Kwenye kioo cha simu nilimwona: kichwa kinachoelea bila mwili, mashimo meusi badala ya macho, na kivuli kikubwa nyuma yake. Nilikuwa na raha ambayo sijawahi kuipata hata siku ya mshahara.

Katikati ya raha hiyo simu ikakataa. Hifadhi imejaa.

"Ngoja," nikasema. Sikutaka moto upoe. Nikafungua orodha ya video, nikazichagua kubwa kubwa zote za juu, nikafuta. Nafasi haikutosha, kwa sababu simu hii inaweka vilivyofutwa kwenye pipa la taka. Nikalimwaga na pipa. Tayari.

Nikamrushia zile mbovu, kila moja. "Hizi hapa, utachagua mwenyewe hotelini. Watumie wale watoto wafurahi."

"Asante sana, sha. Sijui nitakulipa nini."

Ningemwacha aende hapo, ningekuwa nimeshinda. Angezituma kwa Njoroge, Njoroge angezitupa, na mchezo ungekwisha. Lakini nilimwona akivua lile sweta, akilikunja vizuri, akiliweka kitandani kwangu na kulipapasa kama mtu mwema, na roho yangu ikakataa. Ilikuwa adhabu ndogo mno. Angekosa nafasi bila kujua nani kamkosesha.

"Kaa kidogo," nikamwambia. "Tufanye mara moja bila kamera, mazoezi tu. Ile sehemu ya mwisho hujaishika."

"Umezima?"

"Nimezima."

Sikuwa nimezima. Taa ya sakafuni niliiinua nikairudisha mahali pake, nikawasha na ya pili, nikamwambia nataka kuona uso wake vizuri. Simu nikaipandisha usawa wa macho, nikajifanya naifuta vumbi. Kiti nikakivuta mbele. Mkono wangu ulizoea kupanga vizuri, nadhani, maana hilo sikulipanga.

Nikakaa kwenye kiti cha msomaji. Mstari wangu ulikuwa mfupi: Niambie ulinifanyia nini.

"Niambie ulinifanyia nini," nikasema, kwa sauti yangu ya kawaida kabisa. "Niambie, Aurore."

Alikuwa ameshafungua mdomo aseme maneno ya Zawadi. Akaufunga. Akaangalia karatasi, akaniangalia mimi.

"Hapo haikuandikwa Aurore," akasema.

"Najua."

Nje kulikuwa kimya cha umuganda. Majembe tu yalisikika mbali, na kiongozi wa mtaa akiita watu.

"Unajua tangu lini?"

"Niambie ulinifanyia nini."

Nilitegemea akane. Nilikuwa nimeshaandaa matusi ya Kijaluo, Kiswahili na Kifaransa kidogo. Aurore hakukana. Akashuka kwenye kiti, akapiga magoti kwenye saruji, na machozi yakaanza kumtoka bila sauti.

"Niliiba," akasema. "Ulinipa video yako nitume. Nikaenda nayo kule stoo ya mashuka ya hoteli, nikaitazama. Nikaitazama tena. Auma, ulikuwa unanitisha. Nilisema, huyu mutu ninakula naye sahani moja, na sijawahi kumwona. Nikajua nikituma hii, weye utaenda, na miye nitabaki mapokezi nikisema karibu, karibu, mpaka ninazeeka."

"Ukaniambia umetuma."

"Nikakuambia nimetuma. Nikaja hapa na ufunguo uliyonipa, nikavaa blauzi yako, nikawasha taa zako. Nikafanya vile nilikuona weye unafanya. Yote nilikuiga. Hata kulia, nililia kama weye."

"Na mimi nikakuuliza kila siku kama wamejibu."

"Kila siku. Na ulikuwa unaniletea chai." Akajifuta pua kwa kiganja. "Sijaifuta video yako. Iko humu kwenye simu. Nilishindwa kuifuta. Kuwa na hasira, nipige, fanya unachotaka. Nimechoka kukuogopa. Naomba unisamehe. Siombi kama huyu wa karatasi. Naomba miye."

Hebu niseme ukweli wangu. Moyo uliguswa. Mkono wangu ulijinyoosha wenyewe, ukamshika bega. Kwa muda mfupi nilimwona yule Aurore aliyenitafutia chumba hiki nilipofika Kigali simjui mtu, aliyekuja usiku na mchana nilipougua malaria.

Halafu nikamkumbuka Njoroge akisema, "Wewe mbona hukutuma?" Mkono ukarudi.

"Nimesikia," nikamwambia. "Nenda kazini, utachelewa."

"Umenisamehe?"

"Nenda, Aurore."

Akaenda akiwa ameinamisha kichwa. Nikalitoa godoro mlangoni, nikaizima simu. Sasa ndiyo niliizima.

Nikaitazama video ile mara moja tu. Kila kitu kilikuwemo: jina lake, jina langu, stoo ya mashuka, blauzi. Ushahidi gani zaidi? Nikanunua bando, nikaituma kwa Njoroge kwa njia inayotunza ubora, na chini yake nikaandika maneno machache niliyoyaona makali kama wembe: "Huyu ndiye Aurore wako. Msikilize mpaka mwisho."

Kisha nikashuka barabarani kunywa chai kavu. Umuganda ulikuwa umekwisha, watu wanarudi na matope miguuni, wauza chapati wanafungua. Nikawasalimu watu ambao sijawahi kuwasalimu. Mama Donatille akanipita na jembe lake, nikamwamkia kwa heshima zote, akaniuliza kama nimekunywa pombe.

Nilikuwa najiona malkia. Nilimwona Njoroge akitikisa kichwa. Nilimwona Aurore akisoma ujumbe wa kukataliwa pale mapokezi, huku mgeni mwenye sanduku anamsubiri amkaribishe.

Simu ikaita. Njoroge.

"Auma! Wacha nikae chini kwanza."

"Umeiona?"

"Nimeiona? Nimeionyesha ofisi nzima! Mwenzangu hapa analia mpaka sasa."

"Analia kwa nini?"

"Sikiliza, nikuambie siri. Zile alizonitumia yeye mwenyewe kutoka hotelini ni takataka. Uso hauonekani, wewe unapiga kelele kama mnada. Nilikuwa nimeshamkata jina, nampa yule mwingine. Halafu ukanitumia hii. Mmeacha karatasi, mmetumia majina yenu, mmetunga kisa chenu wenyewe juu ya usaili! Nani aliwafundisha zoezi kama hilo?"

"Njoroge..."

"Ule mwanga! Yale magoti! 'Naomba miye.' Mwili ulinisisimka. Nafasi ni yake, Auma. Na ni wewe umempa. Wangapi wangefanya hivyo kwa rafiki? Wewe una roho nzuri sana, dadangu."

Nilisimama pale barabarani na kikombe mkononi. Watu walinipita. Mmoja aliniomba nisogee, nikasogea.

"Si zoezi," nikasema. "Njoroge, nisikilize. Si kuigiza. Ni kweli. Kila neno ni kweli. Alinipokonya nafasi, na hapo alikuwa anakiri, hakujua namrekodi!"

Nikasikia akivuta pumzi, na uchangamfu wote ukamtoka.

"Auma, kila anayekosa nafasi ana hadithi yake."

"Sikukosa. Niliibiwa!"

"Uliniambia ulikuwa unaumwa."

Nilijifungia mlango mwenyewe kwa ulimi wangu.

"Haya," akasema, "mimi si mtu mbaya. Kama ni kweli, basi ulijirekodi. Nitumie hiyo video. Jina nalipeleka Nairobi jioni hii, bado sijalipeleka. Kama uko vile yeye anavyosema humo ndani, nitasimama upande wako, na huyo msichana hataigiza kwangu hata kama mti. Lakini niione. Maneno matupu sitayapeleka kwa mtu."

"Nakutumia sasa hivi," nikasema.

Nilipanda ngazi mbio. Sijui kama kile kikombe nilikilipia ama nilikiiba. Nikakaa kitandani, nikafungua orodha ya video.

Haikuwepo.

Nikapandisha, nikashusha. Harusi ya mtu. Mvua ya Kimisagara. Aurore mwenye uso wa maiti. Nikafungua pipa la taka. Jeupe, tupu, safi.

Nilikumbuka kidole changu kikichagua kubwa kubwa zote za juu ili nisiache moto upoe. Video yangu ilikuwa kubwa kuliko zote. Nilifuta kazi yangu kupata nafasi ya kurekodi kisasi changu.

Nikalia kwa sauti, sina haya ya kukuambia. Nikajipiga paja, nikamtukana Aurore, nikajitukana mwenyewe, nikaitukana simu na aliyeitengeneza. Kisha machozi yakakata ghafla, kwa sababu nilisikia maneno yake kichwani: Sijaifuta video yako. Iko humu kwenye simu.

Nikampigia. Haikupokelewa. Nikampigia tena. Ikakatwa.

Nikaandika: "Aurore mpenzi wangu." Nikafuta. Nikaandika: "Dada, naomba kitu kidogo." Nikafuta na hilo. Saa ile ile nilikuwa nimempokonya aibu yake ya siri na kuionyesha ofisi nzima. Ningemwita nani?

Mama Donatille akagonga.

"Auma, rafiki yako amerudi. Tumbo imepona, naona. Lakini uso iko mubaya sana."

Aurore aliingia bado amevaa sare ya hoteli, na jina lake kifuani. Hakujitupa kitandani. Alisimama katikati ya chumba, akatazama taa, akatazama stendi, akatazama simu yangu.

"Njoroge amenipigia mara mbili," akasema. "Mara ya kwanza ameniambia hongera. Ameniambia alilia vile nilipiga magoti."

Nikaigeuza simu yangu kifudifudi kitandani.

"Nikamwuliza, magoti gani? Halafu nikaelewa. Uliniambia umezima."

"Na wewe uliniambia umetuma!"

"Ndiyo. Na nilikuomba musamaha. Nilidhani ni siye wawili tu humu ndani." Sauti yake haikupanda. Afadhali angenipigia kelele. "Miye niliiba kazi yako, Auma. Weye umeiba toba yangu. Sijui ipi ni mubaya zaidi, hebu nifundishe, weye ni mwalimu wangu."

"Aurore, ile video yangu..."

"Iko." Akatoa simu yake. Akaifungua mbele yangu, nikajiona: mimi, kwenye kiti kile, mbele ya pazia lile, mzuri wa kutisha. "Mara ya pili Njoroge ameniambia na hilo, alikuomba uitume na hajaipata. Amesema anangojea mpaka jioni. Nikiituma, nafasi ni yako. Najua. Niliitazama mara nyingi kuliko weye."

"Basi itume. Umekiri mwenyewe, umalizie. Itume, Aurore, nakuomba."

"Unaniomba?" Akapita mbele yangu, akawasha taa ya kushoto, kisha ya kulia. Akakisogeza kiti mbali na ukuta, pale pale panapotakiwa. Kumbe na hilo alikuwa ameshajifunza. "Basi kaa."

"Unataka kunirekodi?"

"Hapana kamera. Miye si weye." Akageuza stendi ikatazama dirishani, akakaa kwenye kiti cha msomaji, simu yake pajani, video yangu imesimama kwenye kioo. Kidole gumba chake kilikaa juu ya neno Futa. "Kaa, uniambie ulinifanyia nini. Nikikuamini, natuma hapa hapa. Nisipokuamini, nafuta, na kila mutu abaki na yake."

Nikakaa.

Mwanga ulinipiga usoni, ule laini niliouhangaikia mwenyewe. Nikatafuta toba ndani yangu, na Mungu ni shahidi wangu kwamba niliitafuta. Nilichokikuta ni hasira, imekaa mahali pote, imekunja miguu kama mwenye nyumba. Sikujutia hata neno moja. Ningepewa asubuhi ile tena ningemrekodi tena, ila ningechunga pipa la taka.

Lakini mimi ni mwigizaji. Hii ndiyo kazi ninayoijua kuliko mtu yeyote Kigali hii, na yeye mwenyewe alikuwa amekiri hivyo kwa magoti.

Nikalegeza mabega. Nikaiacha midomo itetemeke kidogo, si sana. Nikamtazama machoni, nikaiita pumzi kutoka chini ya tumbo, na chozi likaja, moja, jicho la kushoto, likashuka polepole mahali linapokamata mwanga.

"Aurore," nikasema, na sauti ikapasuka pale pale ninapoijua ipasuke. "Nisamehe."

Aurore alinitazama kwa muda mrefu. Macho yake nayo yalijaa, nikadhani nimempata.

"Hiyo chozi naijua," akasema. "Iko humu kwenye video. Ni jicho lile lile."

Na kidole chake kikashuka.